Mbegu za nyasi zagoma kuota, naombeni ushauri

Mfugaji_Kisauni: Assalamu alaykum wadau, shikamooni wakubwa. Nina ng'ombe wawili wa maziwa na lishe imepanda bei. Nimepanda nyasi ya boma rhodes, vuli ikakataa kunyesha. Namwagilia kila jioni, kidogo kidogo ili maji yafike shamba zima. Hazioti. Nikifukua naona zimevimba, nyingine zimetoa kimzizi cheupe kikakauka. Nifanyeje? Mbegu nyingine nishazilipia.

BintiMvita: Uza hao ng'ombe kaka, upumzike. Babangu alifuga Likoni, fahali akakata kamba akaenda kusimama kwenye foleni ya feri. Mtaa mzima ulicheka, yeye akalia.

Bwana_Miche: Hicho kimzizi ndicho cha kutazama. Kuvimba si kuota, hata mbegu mfu huvimba ikipata maji. Kabla mzizi haujatoka, mbegu ikikauka inaweza kungoja maji mengine. Ukishatoka, haina pa kurudi: udongo ukikauka mche umekufa. Kwa hiyo maji haba usiyagawe shamba zima. Chukua kipande kidogo, kiloweshe hasa, mbegu uzifukie juu juu tu, tandaza nyasi kavu, na kisikauke mpaka miche ishike. Maji unatoa wapi?

Mfugaji_Kisauni: Maji ya kawaida tu.

Bwana_Miche: Ya kawaida ya wapi?

Mfugaji_Kisauni: Kisima. Yana chumvi kidogo, sabuni haitoi povu. Lakini jirani anamwagilia minazi na inazaa! Maji matamu ya kununua kwa mkokoteni siyawezi.

MzeeSubira: Vijana hamna subira. Sisi tulingoja masika, Aprili ikifika unapanda na Mungu anamwagilia.

Bwana_Miche: Mnazi mkubwa si mbegu ya nyasi, ndugu yangu. Chumvi huyashikilia maji, mbegu imelowa na bado haiwezi kuyavuta. Kwake huo ni ukame. Na jua likikausha udongo, chumvi hubaki juu, pale pale mbegu zilipo. Kila jioni unaiongeza. Boma rhodes ikikomaa huvumilia chumvi kiasi, ila si ikiwa changa.

Aliyerudi_Kansas: Kule nyanda za Marekani kuna nyasi ya grama. Huota vizuri, lakini mizizi ya kudumu haishiki mpaka udongo wa juu ubaki na unyevu siku 2 hadi 4 mfululizo. Miche mingi hufa ikingoja siku hizo.

Macho_Manne: Ngojeni kwanza. Kisauni, ploti zimebanana hivi, shamba la nyasi liko wapi? Hii hadithi imetungwa. Kesho atatuletea namba ya kuuza mbegu.

BintiMvita: Hata mimi nashuku. Picha iko wapi?

Mfugaji_Kisauni: Wallahi siuzi kitu. Shamba ni la shemeji, Mwakirunge, pembezoni mwa Mombasa. Sikulitaja kwa sababu familia haijakubaliana.

MzeeSubira: Kumbe unapanda pasipo ruhusa!

Bwana_Miche: Ya familia yaacheni. Ndugu, kabla ya kupanda tena, weka mbegu 100 kwenye kitambaa chenye maji ya mkokoteni, na 100 kwenye kitambaa chenye maji ya kisima. Mtungi mmoja unatosha. Ngoja wiki moja hadi mbili, uhesabu. Zikigoma kotekote, tatizo ni mbegu, huenda zilivunwa juzi na bado zimelala.

Mfugaji_Kisauni: Nitafanya. Lakini kibarua nishamlipa, Jumamosi anapanda.

Bwana_Miche: Basi Jumamosi akulimie tu. Mbegu zibaki guniani.