Mnaotuambia "weka Linux" kwenye laptopu za kadi mbili za grafiki, njooni hapa mjibu

Wakuu, heshima kwenu. Mods naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa kubishana mfumo gani ni bora, mimi sijaja kushindana na mtu. Nimekuja na povu na nitalimwaga lote.

Tangu Microsoft waliposimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, humu ndani kila anayeuliza afanyeje na laptopu yake iliyokataliwa na Windows 11 anapewa jibu lilelile: weka Linux, mkuu, ule mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Bure, nyepesi, virusi haina, na magemu siku hizi yanapiga kazi bila shida. Hilo la magemu ndilo limenileta.

Laptopu zinazokataliwa na Windows 11 ni zipi? Ukiacha chache sana, ni zenye Intel ya kizazi cha saba kurudi nyuma. Sasa shuka Kariakoo, ulizia laptopu ya gemu ya mtumba kwa bei ya mtu anayeishi kwa mshahara. Utaonyeshwa i7-7700HQ yenye GTX 1050, mali ya mwaka 2017, au yale madude mazito ya maofisini yenye Quadro, kadi za NVIDIA za kazi, za enzi hizohizo. Mimi ninayo hiyo ya GTX 1050, na vijana wengi ninaocheza nao huku Tabata wanazo. Ndani ya proseza kuna grafiki ndogo, Intel HD 630, na pembeni imekaa kadi kubwa ya NVIDIA. Kadi mbili. Hapo kwenye mbili ndipo wahubiri wa Linux wote mnapopotea.

Kwa asiyejua, mashine nyingi za aina hii zimeungwa hivi: kioo kimeunganishwa na Intel, siyo na kadi kubwa. Kadi kubwa ikishachora fremu inabidi iinakili kwenda kwenye kumbukumbu ya Intel, halafu Intel ndiyo iionyeshe. NVIDIA waliuita mpango huo Optimus, wakautoa 2010, na nia ilikuwa njema: ukiwa unaandika barua kadi kubwa ilale, betri idumu. Kwenye Windows draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, inayatambua magemu na kuiamsha kadi yenyewe, wewe hujui hata kimetokea nini. Kwenye Linux, eneokazi lote linawaka juu ya Intel, na gemu usipoliambia waziwazi liende kwenye kadi kubwa linabaki hukohuko. Onyo hupati, kosa hupati. Linafunguka, menyu inang'aa, unajipongeza, ukiingia barabarani tu fremu zinaanza kudondoka.

Hayo ni ya waya. Kwenye draiva ndiko hasira yangu iliko.

Mfumo unakuja na nouveau, draiva ya wazi iliyotengenezwa na watu wa nje kwa kuchunguza kadi zinavyofanya kazi. Nawaheshimu sana wale watu. Lakini kuanzia kadi za GTX 900 za 2014, NVIDIA wanataka programu ya ndani ya kadi iwe na saini yao ndipo kadi ikubali kupandishwa kasi, na nouveau saini hiyo hawana. Kwa hiyo GTX 1050 yako inabaki kwenye kasi ndogo iliyowaka nayo mpaka unazima mashine. Una kadi kubwa kwa jina tu.

Mei 2022 NVIDIA wakatoa moduli za kerneli (vipande vya draiva vinavyokaa ndani ya kiini cha Linux) zenye msimbo wazi. Humu mlishangilia, mkasema vita imekwisha. Imekwisha kwa nani? Moduli zile zinahitaji kadi yenye proseza ndogo ya usimamizi inayoitwa GSP, na hiyo imeanzia kizazi cha Turing, yaani GTX 16 na RTX 20 kwenda mbele. Pascal, ambayo ndiyo GTX 10 zote, haimo.

Imebaki draiva ileile ya zamani iliyofungwa. Nayo tawi la 580 ndilo la mwisho kwa Maxwell (kizazi cha GTX 900) na Pascal, 590 imeshazitoa nje. Mmeelewa sasa ninacholia nacho? Laptopu ileile iliyofukuzwa na Windows 11 ndiyo hiyohiyo isiyo na draiva ya wazi inayoeleweka, na ile iliyofungwa nayo imefika mwisho wa njia. Na ndiyo mnayoihubiria ihamie Linux ikacheze magemu! Mwenye RTX 3060 mwambieni ahame, hana tatizo kubwa. Huyu wa mtumba, mwambieni kwanza anakwenda kukutana na nini.

Mashine yangu niliipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini, jina namhifadhia. Alinitambia kwamba Linux kwake ni ubwabwa. Akaweka draiva yenye neno "open" mwishoni, nadhani kwa kuwa ndiyo aliyokutana nayo kwanza kwenye orodha. Mashine ikawaka, akapokea hela yake. Nafika nyumbani naandika nvidia-smi, amri ya kuangalia hali ya kadi, inajibu kwamba imeshindwa kuwasiliana na draiva. Naandika sudo dmesg, amri ya kusoma ujumbe wa kerneli, nasoma mistari ya NVRM, ile ya draiva ya NVIDIA, imeandikwa pale bila kificho kwamba kadi hii haikubaliki na moduli ya open kwa sababu haina GSP. Mashine yenyewe inataja ugonjwa wake! Nampigia fundi, ananiambia kadi imeungua, niirudishe aifungue aipashe moto chipu. Yaani nilikuwa nachomewa kadi nzima hivihivi. Wangapi mmeshaambiwa kadi imeungua kumbe ni draiva?

Hata ukipata draiva sahihi kuna Secure Boot, ulinzi unaokataa moduli isiyo na saini inayotambulika. Wakati wa kusakinisha unaulizwa nywila, mashine ikijiwasha upya inatokea skrini ya bluu ya MOK, ya kuidhinisha saini hiyo, inayohesabu sekunde kumi ikisubiri ubonyeze kitufe. Ukiwa umeenda kuchota maji imeshapita, moduli inakataliwa, na nvidia-smi inarudia wimbo uleule. Nani humu aliwahi kulisema hili kwenye nyuzi zake za "hatua tano rahisi"?

Sasa niwageukie wajuaji wa humu. Niliuliza kistaarabu kabisa, nikatanguliza na shikamoo. Jibu la kwanza: "weka DRI_PRIME=1 mkuu, mbona rahisi". Hiyo ni ya Mesa, mkusanyiko wa draiva za wazi za grafiki, inamfaa mwenye kadi ya AMD au anayetumia nouveau. Kwa gemu la OpenGL (lugha mojawapo ya gemu kuzungumza na kadi; nyingine ni Vulkan na Direct3D ya Windows) na draiva iliyofungwa ya NVIDIA, haifanyi chochote. Mwingine akaniambia nisakinishe Bumblebee, programu ya zamani ya kuendesha Optimus kwenye Linux. Bumblebee! Mradi wa 2011, uleule ambao nafasi moja tu iliyopenya kwenye skripti yake ya usakinishaji ilifuta folda yote ya /usr, yenye programu za mfumo, kwenye mashine za watu. NVIDIA wameweka njia yao rasmi ndani ya draiva tangu toleo la 435 la mwaka 2019, bado mtu ananipa dawa iliyokwisha muda na mwishoni anaandika "karibu".

Wa tatu ndiye aliyeniumiza zaidi, kwa sababu alinipa nusu ya ukweli. Akanipa __NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 peke yake. Hapa twende taratibu, wengi wanapigwa chenga hapa.

Gemu langu ni Euro Truck Simulator 2. Nina mod za mabasi ya Bongo, napiga safari usiku joto likipungua. Toleo lake la Linux linatumia OpenGL. Magemu ya Windows yanayopitia Proton, ile programu ya kuyaendesha kwenye Linux ambayo Valve, wenye duka la magemu la Steam, waliitoa Agosti 2018, mengi yanageuzwa kutoka Direct3D kwenda Vulkan. Ile nusu ya amri inatosha kwa Vulkan, kwa hiyo nilipofungua GTA V ikawaka kwenye GTX safi kabisa. (Nasema ile ya hadithi. Ya mtandaoni isahauni, tangu Septemba 2024 walipoweka BattlEye, mlinzi wa kuzuia wadanganyifu, watu wa Linux wamefungiwa nje.) Nikajua mambo yametimia. Nafungua ETS2, basi linatambaa. Feni ya upande wa kadi kubwa imenyamaza kimya.

Nenda kwenye .local/share, ingia folda ya Euro Truck Simulator 2, fungua game.log.txt, tafuta mistari inayotaja OpenGL na jina la kadi. Yangu iliandika Intel HD Graphics 630. Nimenunua kadi kubwa, basi langu linavutwa na Intel. Kumbe kwa OpenGL lazima pia utaje maktaba ya nani itumike. Mstari kamili ni huu:

__NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia %command%

Kwenye Steam bonyeza kulia juu ya gemu, ingia kwenye sifa zake, ubandike pale kwenye Launch Options. Alama za chini ( _ ) mwanzoni ni mbili, siyo moja. Ukikosea herufi moja hakuna atakayekwambia, gemu litawaka tu kwa Intel kama kawaida. Distro nyingi, yaani matoleo mbalimbali ya Linux kama Ubuntu, zina kijiskripti cha prime-run kinachobeba maneno hayo yote, unaandika prime-run %command% unamaliza. Mstari mmoja! Mjuaji hakuweza kuuandika wote.

Halafu mnasema "tumia Steam ya Flatpak, ndiyo safi". Nyie mnaishi wapi? Flatpak, njia ya kusakinisha programu ikiwa imefungwa kivyake, haitumii draiva ya mfumo moja kwa moja, inashusha nakala yake ya NVIDIA, na lazima namba ya toleo ifanane na ya mfumo. Draiva ya mfumo ikisasishwa, nakala nyingine inashushwa, mamia ya MB. Ukichelewa kuishusha, Steam haiioni kadi na unarudi kwa Intel au unachorewa na proseza. Mimi nanunua bando la wiki, siyo kwamba nina waya wa faiba unaoingia sebuleni. Ushauri wa mtu asiyehesabu MB kwangu ni hasara tupu.

Na umeme ukikatika? Ile hadithi ya kadi kulala yenyewe inahitaji Turing na chipseti ya Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele. Kwenye Ubuntu na ndugu zake ukiweka prime-select on-demand, yaani kadi itumike inapohitajika tu, GTX 1050 inabaki macho hata kama unasoma PDF. Inakula betri na inaongeza joto, na joto la Dar mnalijua. Ukitaka ilale kweli, unaandika sudo prime-select intel, unawasha mashine upya. Ukitaka kucheza, unairudisha, unawasha upya tena.

Msiniambie haya ni mapya. Mwaka 2012 pale Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, dada mmoja alisimama akamuuliza Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, kuhusu laptopu yake ya Optimus inayomsumbua kwenye Linux. Torvalds akaigeukia kamera akawaonyesha NVIDIA kidole cha kati. Video ile mnaitumiana humu kila mara mkicheka. Hamjawahi kujiuliza swali lilihusu nini? Lilihusu laptopu ya kadi mbili, hilihili ninaloliuliza mimi leo.

Ninachotaka ni hiki. Mtu akija humu kuomba ushauri wa kuhamia Linux, kabla ya kumjibu mwulizeni aandike lspci, amri ya kuorodhesha vifaa vya mashine, kisha abandike mistari ya VGA na 3D. Akitaja GTX 9 au GTX 10, mwambieni akae kwenye distro yenye 580, asiguse moduli za open, asikubali kusogezwa kwenda 590, na mpeni mstari mzima. Na nyie mnaoandika mafundisho marefu, wekeni tarehe. Uzi wa 2013 bado unatembea WhatsApp kama habari ya leo.

NYONGEZA: Mkuu uliyesema "nunua laptopu mpya acha kulia", weka risiti ya yako hapa tuone kama hujanunuliwa.

NYONGEZA 2: Aliyeuliza kama kutoa HDMI kwenda kwenye TV kunasaidia: kuna mashine ambazo tundu la HDMI limeunganishwa moja kwa moja na kadi kubwa, nyingine limepita kwa Intel. Andika xrandr --listproviders uone matokeo yamekaa upande upi. Usimlipe mtu kwa hilo.

NYONGEZA 3: Mliojaa PM mnataka kuninunulia hii mashine kwa bei ya chuma chakavu, siuzi. Anayetumia 580 kwenye GTX 1050 na Wayland (mfumo mpya wa kuonyesha eneokazi) bila picha kukatikakatika, aweke toleo la kerneli na la distro hapa hadharani, siyo PM.