Vibarua wa kuvuna mpunga Ifakara, mnapigaje hesabu mapema?

Mkulima wa Simu
Wakuu habari za jioni. Mi niko Tabata ila nina ekari 12 za mpunga upande wa Ifakara, najua mtanicheka ila ndo hali. Msimu uliopita msimamizi kaniambia vibarua wapo kibao, nikabweteka, kufika mwezi wa sita kijiji kizima kinavuna wiki hiyohiyo nikapata watu sita tu. Nimepanda basi Mbezi usiku, nafika shamba nikigusa suke punje zinabaki mkononi zenyewe, na ndege kweleakwelea nao wako kazini. Nijuaje mapema nahitaji watu wangapi?

Babu Hesabu
Usihesabu watu, hesabu siku za kibarua. Kwangu ekari moja kuvuna kwa mkono inakula watu 4 siku 2, yani siku 8 za kibarua. Kwako mara 12 ni 96. Sasa jiulize tangu mpunga ukomae una siku ngapi kabla haujaanza kupukutika, tuseme 10, gawa 96 kwa 10, basi unataka watu kama kumi kila siku, na uongeze wawili maana kuna msiba, kuna malaria, kuna wa Jumatatu haonekani 😂 Kupiga mpunga na kupepeta, hesabu yake iweke mbali.

Mama Kijiko
Hesabu nzuri Babu ila hao kumi kila mmoja ana shamba lake, atavuna la kwake kwanza ndo aje kwako. Na miwa kule Kidatu inaanza kukatwa karibu na muda huohuo, vijana wenye nguvu wanaenda huko. Mdogo wangu, wakati wa kupanda pita duka la pembejeo uliza mbegu ya mpunga ya SARO 5 imeuzwa kiasi gani kuliko mwaka jana, ile inakomaa kwa siku kama 120, mkipanda wengi wiki moja mtavuna wiki moja na mtagombania watu walewale. Mi nagawa, nusu napanda wiki mbili baadaye maji yakiruhusu.

Mkulima wa Simu
Shikamoo mama, hilo la duka sikuwahi kuliwaza kabisa. Na kombaini, ile mashine ya kuvuna, je?

Mama Kijiko
Marahaba. Kombaini nzuri shamba likikauka, letu la bondeni mwaka juzi ilizama matairi, tukaishia kulipa vibarua waichimbue kwanza.