Naombeni ushauri, tunataka kuigiza The Fantasticks bila kinubi

Wakuu habari zenu, kikundi chetu cha vijana tunataka kuigiza The Fantasticks, lile igizo la nyimbo la Tom Jones na Harvey Schmidt lililoanza New York 1960 kwenye kaukumbi kadogo Greenwich Village likaja kufungwa 2002 baada ya maonyesho 17,162, yani watu hawakulichoka tu! Wazee wawili wanajifanya maadui wanajenga ukuta makusudi ili watoto wao wapendane, na ukuta wenyewe ni muigizaji asiyeongea kashika kijiti, so gharama hamna. Shida muziki, wenyewe walitumia piano na kinubi, sisi tuna kinanda na gitaa, je litapoteza ladha? Na kibali kinaombwaje, aliyewahi anielekeze plz