Tupeane uzoefu: TV ya wakati wa korona, mchekeshaji hana wa kumcheka

Barza ya Jaws Corner
Jana usiku wamerudia mpira wa 2020. Viti vitupu, kelele kama kawaida, na wazee wa kahawa wakabishana kama ni za kweli. Si za kweli. Bundesliga ya Ujerumani ilirudi 16 Mei, Ligi Kuu ya Uingereza 17 Juni, na kelele zile Sky, televisheni ya Uingereza, walizitoa kwenye sauti za mchezo wa kompyuta wa FIFA. Mtu amekaa na vitufe: hiki cha shangwe, hiki cha guno. Mpira ukigonga mwamba naye akachelewa kidogo tu, guno linakuja kipa keshaudaka. Wenye ujuzi leteni yenu, waigizaji, wachekeshaji, hata mafundi madishi.

Fundi Taa
Mpira angalau una filimbi. Walioumia hasa ni wachekeshaji. Stephen Colbert, mchekeshaji wa TV ya Marekani, 16 Machi 2020 alifungua kipindi ndani ya beseni la kuogea, na suti yake, mapovu mpaka kifuani. Kituko, sawa. Lakini sikilizeni mwendo wake. Mchekeshaji wa ukumbini akishatupa neno hunyamaza, anangoja kicheko kipande, kikianza kushuka ndipo anaingia na jengine. Nyumbani kicheko hakiji, ile nafasi inabaki shimo. Dawa ni kukata vituo na kusema mfululizo. Anayesubiri anaonekana kasahau maneno.

Kwa wanaotaka kurekodi chumbani: simu ikae usawa wa macho. Dirisha liwe mbele ya uso, likiwa mgongoni unatoka kivuli. Chumba cha sakafu ya saruji kinarudisha sauti, basi tundika mablanketi nyuma ya simu, godoro likiwepo ndiyo bora. Kinasa sauti cha kubana kwenye shati kikae shibiri moja chini ya kidevu. Kama sauti unairekodi mbali na picha, piga kofi moja mbele ya kamera, baadaye unalinganisha kofi kwa kofi. Na hili wengi hawalijui: umeme wetu ni hezi 50, simu nyingi zinakuja na fremu (picha) 30 kwa sekunde, ndiyo maana taa ya mrija inaleta mistari inayotembea ukutani. Weka fremu 25, au shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, itaondoka. Video ya 1080 (HD kamili) inakula kama MB 60 mpaka 130 kwa dakika, safisha simu kwanza. Na feni zima.

Kijana wa Michenzani
Feni tena? Mwezi wa tatu, Unguja? Mche Mungu.

Fundi Taa
Zima dakika mbili, rekodi, washa. Trevor Noah, mchekeshaji mwengine wa TV ya Marekani, aliendesha kipindi na sweta la kofia sebuleni kwake, lakini ile New York.

Mwanakwerekwe
Hapo kwenye hezi 50 umemaliza.

Bi Mkubwa wa Wete
Nyie na Wamarekani wenu. Sisi wa tamthilia za Kihindi ndio tuliokaushwa. Upigaji picha India ulisimama 19 Machi 2020, mwisho wa mwezi Doordarshan, TV ya serikali yao, wakafukua tamthilia ya Ramayan ya miaka ya 80. Ruhusa iliporudi Maharashtra, jimbo la Mumbai, wakakatazwa waigizaji wa zaidi ya miaka 65. Sasa tamthilia ya Kihindi bila bibi mkali mwenye funguo kiunoni ni nini? Mahkama Kuu ya Bombay ikaliondoa katazo Agosti. Amitabh Bachchan mwenyewe alilazwa Julai kwa korona ana miaka 77, na Septemba yuko kwenye kiti cha KBC, shindano la maswali la TV ya India, ukumbi hauna watazamaji, hata msaada wa mshindani kuwapigisha kura watazamaji umefutwa. Nani angepiga?

Kijana wa Mkoani
Shkamoo bi mkubwa. Umewasahau waigizaji Irrfan Khan na Rishi Kapoor, korona iliwachukua siku mbili mfululizo.

Bi Mkubwa wa Wete
Marahaba mwanangu, lakini usieneze uongo. Irrfan uvimbe wa saratani, 29 Aprili. Rishi saratani ya damu, 30 Aprili. Korona iliwanyima mazishi tu.

Kijana wa Mkoani
Yote mamoja, kama si korona...

Bi Mkubwa wa Wete
Si mamoja! Sikiliza. Mama yake Irrfan alifariki Jaipur siku chache kabla yake, njia zimefungwa, mtoto akayaona mazishi ya mamake kwa video. Kisha naye akazikwa Versova, watu wa kuhesabika. Binti wa Rishi alikuwa Delhi, ndege hakuna, akapewa kibali cha gari mpaka Mumbai, zaidi ya kilomita 1,300. Hakuwahi. Baba yake alichomwa yeye akiangalia kwenye simu.

Mwanakwerekwe
Lahaula.

Kijana wa Michenzani
Nilikuja kwa vichekesho, mmeniliza.

Ami wa Mkunazini
Na Ramadhani ile, tarawehe ya Makka rakaa kumi, Alkaaba haina mtu wa kutufu. Hicho ndicho kipindi cha mwaka, nyingine zote porojo.

Fundi Dishi Chake
Nirudi kwenye dishi, maana korona ilikuja na masika na watu wote ndani. Walio na dishi la setilaiti ya Eutelsat ya digrii 7 mashariki: kutoka Pemba linaangalia magharibi, dira kama 278, muinuko kama 51. Mvua kubwa ikikata picha subirini, msiguse. Mvua ikiisha na picha bado inavunjika, ni chumvi ya bahari: koneta, kile kichwa cha waya, imeota kijani. Chomoa king'amuzi kwenye umeme, kata waya sentimita tano, umenye upya, unyuzi mmoja wa wavu usiguse shaba ya kati, funga koneta mpya, zungushia utepe wa mpira. Waya uache na tumbo chini ya koneta, maji yadondokee hapo yasiingie.

Kijana wa Michenzani
Utepe wa nini, funga mfuko wa plastiki.

Ami wa Mkunazini
Plastiki marufuku Zanzibar, wataka apelekwe mahkamani kwa ajili ya dishi?

Fundi Dishi Chake
Na unafungia mvuke ndani, mwezi mmoja kijani kinarudi. Grisi kidogo, kisha utepe.

Mwanakwerekwe
Mafuta ya nazi je?

Fundi Dishi Chake
Panya watakushukuru.