Roger de Lacy (alikufa 1211) ni mtoto wa Robert wa Pontefract au si mtoto wake?

mwanagenzi_wete
Assalaamu alaykum wadau. Nafuatilia nasaba ya kina de Lacy, Wanormandi waliopata ardhi Uingereza baada ya 1066. Nimeanza na Ilbert, ambaye kwenye Domesday, daftari la mfalme la wenye ardhi la 1086, ndiye mwenye Pontefract, Yorkshire. Nikashuka: Robert, Ilbert wa pili, Henry nduguye, kisha Robert mwana wa Henry aliyekufa 1193. Hapo nimekwama. Shajara za nasaba za mtandaoni takriban zote zinamfanya Roger kuwa mtoto wa huyu Robert wa mwisho. Moja tu inakataa. Nishike ipi? Na mtu aliyeko Pemba athibitishe wapi bila ya kupanda ndege?

hati_na_mihuri
Waalaykum salaam. Shika hiyo moja.

Robert hakuacha mtoto. Mrithi wake wa karibu alikuwa Albreda de Lisours, mtoto wa shangazi yake. Albreda aliolewa na Richard fitz Eustace wakamzaa John, konstebo wa Chester (cheo cha kijeshi cha kurithiwa), na John ndiye babake Roger. Mwaka 1194 bibi na mjukuu waliandikiana mapatano: bibi akamwachia Roger ardhi ya kina de Lacy, Roger akaacha madai yake kwenye ardhi ya kina Lisours. Alipoingia Pontefract akalichukua na jina. Kwa hivyo kina de Lacy wote wa Pontefract waliofuata, hadi Henry aliyekufa 1311 na binti yake Alice, kwa upande wa baba ni watu wa ukoo mwengine.

Sisi tumezowea nisba kwenda kwa baba, ndiyo maana kosa hili halituwashi macho. Kule jina liliweza kufuata ardhi. Kila mtu mpya anapotokea kwenye shamba lile lile, usiulize anaitwa nani. Uliza ardhi ameipata kwa nani na kwa hati gani.

Utafutaji wenyewe uende kinyumenyume, kutoka karne ya 13 kurudi 1086. Kuanzia miaka ya 1230 kuna uchunguzi uliofanywa akifa mtu aliyeshika ardhi kwa mfalme: wazee wa mahali wanaapishwa, wanataja ardhi, mrithi na umri wake. Umri huo usiupigie hesabu ya mwaka wa kuzaliwa. "Miaka 21 na zaidi" maana yake ni kuwa mrithi ameshabaleghe kisheria, basi. Anaweza kuwa na 40. Nyuma yake zipo hesabu za hazina ya mfalme. Ya mwanzo iliyobaki ni ya 1130, halafu pengo, halafu zinafuatana tangu miaka ya 1150. Humo tafuta mtu anayelipa ada ya kuingia kwenye urithi. Akilipa yeye, jua mwenye ardhi ameshakufa. Baina ya 1086 na 1130 kilichopo zaidi ni hati za ardhi walizopewa watawa, na hapo ndipo watu wanapojaza majina ya kubuni.

mtwana_wa_bandari
Mbona ipo orodha ya Battle Abbey, imeandika Wanormandi wote waliopigana Hastings, vita vya 1066? Angeanzia huko.

hati_na_mihuri
Hapana, sheikh. Orodha ile imetufikia kwa nakala za karne nyingi baadaye, na majina yameongezwa humo na familia zilizotaka utukufu. Watu waliothibitika kwa ushahidi wa wakati ule kuwa walikuwepo vitani na William, kiongozi wa Wanormandi, hawafiki hata 40.

bint_mkoani
Naongeza mambo ambayo yanawaponza hata wenye kusoma Kiingereza vizuri.

Usitegemee tafsiri ya Kiingereza kwenye maneno ya ujamaa. Kilatini kina *patruus* na *avunculus*. Kiingereza kinayatia yote mawili kwenye neno moja. Sisi tunayo: *patruus* ni ami, *avunculus* ni mjomba. Ukisoma ami pahala pa mjomba umeshahamia ukoo mwengine. *Nepos* ndilo bovu kuliko yote, linaweza kuwa mjukuu au mtoto wa ndugu, na kuliamua unahitaji hati ya pili.

Mirathi nayo si faraidhi. Hati zetu za kugawa shamba la mikarafuu zinamtaja kila mrithi na fungu lake. Kule mtoto mkubwa wa kiume alichukua vyote, wadogo zake wanapotea kwenye karatasi. Kutoonekana kwao si dalili ya kuwa hawakuzaliwa. Hakuna mwana wa kiume, mabinti wanagawana sawasawa. Na mjane hakupewa thumni: alikaa na thuluthi ya ardhi ya mumewe mpaka afe. Akiolewa tena, kipande hicho utakikuta miaka na miaka chini ya jina la mume wa pili, kisha kinarudi kwa watoto wa kwanza.

Hati za watawa zitendee kama hati za wakfu. Mtoaji anasema anatoa kwa ajili ya roho ya baba, mama, kaka, na mwanawe anaridhia. Nasaba nzima kwenye mistari minne. Ila nyingi hazina tarehe, unazipima kwa mashahidi. Akiwemo Thurstan, Askofu Mkuu wa York, hati ni ya baina ya 1114 na 1140. Akiwemo Henry Murdac, ni 1147 hadi 1153. Kwa Pontefract, tazama daftari za watawa wa Pontefract na wa Kirkstall, nyumba ambayo Henry de Lacy aliianzisha. Zote zilichapishwa zaidi ya miaka 100 iliyopita na picha za kurasa zake ziko bure kwenye intaneti, kama ilivyo Domesday yenyewe.

mwanagenzi_wete
Ahsanteni sana. Bado moja: kwenye Domesday yupo Roger de Lacy mwengine, Herefordshire. Huyu ndiye babu wa jina?

hati_na_mihuri
Siye. Huyo ni mtoto wa Walter wa Weobley, tawi jengine lililotoka kijiji kile kile cha Lassy, Normandi. Alimuasi mfalme, akafukuzwa 1096, ardhi akapewa nduguye Hugh. Kwenye daftari lako muandike "Roger wa Weobley" na yule "Roger wa Pontefract", usiandike jina tupu. Ilbert na Robert nao wapo wawili wawili, wape na wao alama.