Kikundi cha Ukoo, Tanga: Kijana wetu na masomo ya uhandisi

Mama: Assalaam aleykum. Nimeona nilieleze hapa mbele ya wakubwa, kwa sababu usiku wa jana sikupata usingizi. Kijana wetu amenipigia simu kutoka chuoni, akaniambia kwamba ana masomo mawili ya kurudia mtihani na kwamba anataka kuacha uhandisi.

Ami: Waaleykum salaam. Mtoto aliyefaulu PCM (fizikia, kemia na hisabati) vizuri vile, mwaka wa pili anashindwaje? Naogopa ni simu na marafiki.

Kijana: Shikamooni. Ami, naapa si mchezo. Asubuhi tuna mihadhara, mchana tunaingia maabara mpaka jioni, na usiku naandika ripoti ya maabara huku michoro ya kukabidhi kesho yake ikinisubiri. Masomo niliyopata sapu, yaani ya kurudia mtihani, ni hisabati na uimara wa vifaa, yaani jinsi vifaa vya ujenzi vinavyostahimili mzigo. Mhadhiri akieleza naelewa, lakini nikikaa peke yangu na swali, sijui pa kuanzia.

Mjomba: Marahaba, mwanangu. Shemeji, naomba nijibu kwa urefu, kwa kuwa njia hiyo nimeipita na sapu nilizipata.

Chukueni boriti inayobeba dari ya nyumba ya Makorora, urefu wake mita 3. Mkiirefusha iwe mita 6, kwa unene uleule na uzito uleule kwa kila mita, nguvu ya kuipinda katikati huwa mara 4, na kunepa kwake huwa mara 16. Fundi mzoefu anajua kwamba itanepa. Mhandisi anatakiwa aseme itanepa milimita ngapi. Ili kufika hapo anaanza na mzigo, anapata nguvu ya kukata, kisha nguvu ya kupinda, kisha mteremko wa boriti, ndipo apate mnepo. Hizo ni hatua nne, na kila moja ni integresheni, yaani hesabu ya kujumlisha vipande vidogo vidogo, juu ya ile iliyotangulia. Basi mtoto aliyekariri integresheni mwaka wa kwanza ili avuke mtihani tu, deni lile linamfuata mwaka wa pili, na kwa macho yake linaonekana kama somo jingine kabisa. Ndiyo maana nasema kwamba sapu zake mbili ni shimo moja.

Ugumu wa shahada hii uko hapo zaidi kuliko kwenye akili ya mtu. Kidato cha sita ukiachwa na mada moja unafidia kwa nyingine. Huku mada zimeshikana kama mabehewa, na ratiba haikupi wiki hata moja ya kurudi nyuma.

Ami: Nimekuelewa. Mwanangu, nisamehe kwa neno la simu.

Shangazi: Mimi nina hofu nyingine. Asibadili kozi kabla hajauliza chuoni na Bodi ya Mikopo, asije akajikuta anaanza tena mwaka wa kwanza bila fedha. Halafu, kaka, baada ya miaka hii 4 atakuwa amemaliza?

Mjomba: Atakuwa na shahada. Kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu kunahitaji miaka mingine isiyopungua 3 ya kazi chini ya uangalizi. Sitaki kumficha hilo, kwa kuwa wengi huambiwa sifa za kazi wasiambiwe urefu wa safari.

Mama: Mimi sitamlazimisha. Nataka tu aamue akiwa ameshajua kinachomwangusha.

Kijana: Nashukuru, Mama. Mjomba, sikuwahi kuziona sapu hizi kuwa kitu kimoja. Naomba nikutumie swali leo baada ya isha. Lina boriti yenye mzigo upande mmoja tu.

Mjomba: Litume. Lakini kabla ya hesabu yoyote nichoree boriti hiyo, uonyeshe inaegemea wapi na mzigo unaishia wapi, na pembeni uniandikie jinsi unavyofanya integresheni ya x mraba. Tutaanzia hapo.