Mtu wa mlimani nataka kujua sehemu za boti ya tanga, nisaidieni wakuu

mpagazi_wa_marangu
Wakuu habari za jioni. Niko Moshi hapa, kazi yangu mlima, napandisha wageni njia ya Marangu na Machame, bahari naijua ya kuoga tu. Sasa kuna mgeni nilimpandisha ana boti yake ya tanga ameiegesha kule Tanga, hizi za kisasa za faiba zenye mlingoti mrefu wa alumini, anataka masika hii mlima ukiwa umepoa nikamsaidie kazi za kamba. Nimekubali, hela ni hela. Shida amenitumia picha ya boti imejaa mishale ya majina ya kizungu, kila kamba ina jina lake, nimeikodolea macho mpaka simu imezima chaji na sijaambulia kitu. Naombeni mtu anieleweshe kiswahili cha kawaida, nini ni nini na kinafanya nini, nisije nikaambiwa vuta hii nikavuta ile. Mafundo nayajua, kamba siziogopi.

Mpangani_Ngaramtoni
Mdogo wangu hongera kwa kazi. Mimi mtu wa Pangani ila maisha yamenileta Ngaramtoni, nimekulia kwenye majahazi ya mzee. Hiyo picha weka pembeni kwanza. Anza na chombo chenyewe. Mbele ni omo, nyuma ni tezi, wengine watakwambia shetri, ni huko huko. Chini kabisa kuna mkuku ndio uti wa mgongo. Nyuma usukani, na ule mti unaoshika mkononi kuuzungusha usukani ni kana. Kumbuka kana inakwenda kinyume, ukiisukuma kulia chombo kinakata kushoto, hapo wageni wote wanachanganyikiwa siku ya kwanza (kama boti ya huyo mzungu ina usukani wa duara kama gari basi huna shida hiyo).

Juu sasa. Mlingoti umesimama, kwenye jahazi umeinama kidogo kwenda mbele. Foromali ni ule mti mrefu wa mshazari unaobeba tanga. Kamba nene ya kulipandisha foromali ni henza, nayo inavutwa kwa kamba nyingine, jarari, inayopita kwenye kapi (kile kigurudumu cha kupitishia kamba). Pembe ya tanga ya mbele chini ni joshi, na kamba ya pembe ya nyuma ni demani, hiyo ndio unayoishika muda wote, unavuta unalegeza kufuata upepo. Upande upepo unakotokea tunaita joshini na upande wa pili demani. Ukishika hayo mengine yatakuja yenyewe.

fundi_sakina
Kaka Mpangani nakuheshimu ila huyu dogo haendi kwenye jahazi, haendi kukuta foromali wala henza, akimwambia mzungu "tulegeze demani" wataangaliana tu. Mimi nimefanya kazi kwenye boti hizo Msasani miaka ya nyuma kabla sijaja huku Arusha kwenye welding.

Dogo sikiliza, kwenye boti ya kisasa tenganisha vitu viwili tu, kamba na waya ZINAZOKAA na kamba ZINAZOTEMBEA. Zinazokaa ni zile waya za chuma zinazoshikilia mlingoti usianguke, moja inakwenda mbele omo, nyingi boti zina nyingine nyuma, na za pembeni kulia na kushoto, hizo za pembeni ndio shraudi na za mbele na nyuma ni stei. Ni kama zile kamba za hema lako kule njia ya Machame, hazifanyi kitu ila ukikata moja kila kitu kinalala. Hizo usiziguse mpaka uambiwe.

Zinazotembea ndio kazi yako. Kamba ya kupandisha na kushusha tanga ni halyadi. Kamba ya kuvuta na kulegeza tanga likiwa juu ni shiti (kwa kaka Mpangani ndio demani yake). Matanga utakuta mawili, kuu liko nyuma ya mlingoti na chini yake kuna bomba la kulala linaitwa bumu, la mbele ni jibu, lenyewe lina shiti mbili, moja kila upande, unatumia ya upande wa demani nyingine inakaa imelegea. Kwa hiyo kwa kuanzia una halyadi mbili, shiti ya tanga kuu, shiti mbili za jibu. Kamba tano! Picha yako ina mishale mingi kwa sababu wamechora mpaka misumari.

Alafu kuna winchi, ule mdumu wa chuma wa kuzungushia kamba ikiwa nzito, kamba inazungushwa kufuata mshale wa saa na vidole vinakaa mbali, hiyo sio utani, nimeona mtu kidole kimebanwa akalia kama mtoto.

Mpangani_Ngaramtoni
Sawa fundi, nimekubali kwa boti yake. Ila upepo ni ule ule, na hakuna chombo kinachokwenda moja kwa moja kuukabili upepo, lazima uende bisho, unakata huku unakata kule. Boti yako inageuka kwa kupitisha omo kwenye upepo, jahazi kubwa sisi tunazungusha tezi na foromali tunalihamishia upande wa pili kwa mbele ya mlingoti, kazi ya watu wengi na kelele nyingi. Halafu dogo masika ndio kusi, ule upepo wa kutoka kusini, inaanza kuingia, usidhani utakuta bahari ya picha za watalii.

chalii_wa_kaloleni
Si aende Duluti pale Tengeru afanye mazoezi, nauli ya daladala tu 😂

fundi_sakina
Duluti unapiga kafi kwenye mtumbwi, miti na kingo za kreta zimezunguka ziwa upepo utautoa wapi chalii wewe. Akitaka mazoezi akae sebuleni afunge fundo la nane mwisho wa kila kamba, hilo linazuia shiti isichomoke kwenye kapi ikapeperuka, na ajifunze fundo la boline kwa sababu ndio watu wanafungia shiti kwenye jibu.

mpagazi_wa_marangu
Aisee asanteni sana wakuu, fundo la nane tunalitumia kila siku kumbe nshaanza nusu safari. Swali moja la mwisho, upepo ukizidi boti ikaanza kulala upande mmoja nakimbilia kamba gani kwanza?

fundi_sakina
Shiti ya tanga kuu. Legeza tu, usivute kitu, tanga likimwaga upepo boti inainuka yenyewe. Na kichwa kikae chini ya bumu, boti ikigeuka na upepo ukiwa nyuma linavuka upande wa pili kwa kasi na halina breki.

Mpangani_Ngaramtoni
Na basi la Tanga panda la asubuhi, la jioni utashushwa Segera usiku wa manane unasubiri usafiri na mizigo yako.